Mjerumani Aliyebeba Sauti za Newala

NDUGU msomaji, ukibahatika kufika Newala, nenda jioni ukasimame ukingoni pale Shimo la Mungu. Chini kabisa utaliona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Kisha upepo utaanza kuvuma. Mwaka 1906 upepo huo ulimsumbua mgeni mmoja kutoka Ujerumani, aliyefika hapo na mizigo ya ajabu.

Jina lake lilikuwa Karl Weule. Alizaliwa mwaka 1864, akasomea jiografia, akaanza kazi katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mwaka 1899 alihamia Leipzig. Kazi yake ilikuwa kupanga na kueleza vitu vilivyoletwa kutoka ng'ambo: mikuki, ngao, vyungu na vinyago. Hivyo kwa miaka mingi alieleza habari za watu ambao hakuwa amepata kuwaona.

Nafasi ya kuwaona ilipopatikana alikuwa na umri wa miaka 42. Alikusudia kwenda kaskazini, upande wa Kondoa-Irangi. Alipofika Dar es Salaam aliambiwa kwamba huko kuna machafuko. Akaelekezwa kusini, na mwezi Juni akashuka Lindi.

Kusini nako kulikuwa na majeraha mabichi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimelipuka mwaka uliotangulia. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa, na jeshi la Wajerumani lilikuwa limeteketeza vyakula na vijiji ili watu wasalimu amri kwa njaa. Weule alipita katika nchi hiyo akifuatana na askari wa serikali. Jiulize, ndugu msomaji: mtu aliyechomewa ghala jana, leo anaweza kumkatalia mgeni mwenye bunduki?

Hata hivyo, si kila alichopata kilitokana na hofu. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, na mnyapara wao aliitwa Pesa Mbili. Huko Chingulungulu, katika nchi ya Masasi, alipokewa na Matola, mkuu wa Wayao. Nils Knudsen, Mnorwe aliyekwisha kuizoea nchi hiyo, alimsaidia kuelewana na wenyeji. Weule aligawa penseli na karatasi, akawaomba watu wachore walichotaka. Pesa Mbili naye alichora. Michoro hiyo ilichapishwa baadaye huko Ulaya.

Kutoka Masasi alipanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Aliandika jinsi Wamakonde walivyotengeneza nguo za magome ya miti, walivyopekecha moto na walivyounda makomeo ya mlango kwa mbao. Alichungulia pia mambo ya unyago, ambayo mama zetu hawayasemi ovyo mbele ya mgeni. Aliona vilevile taabu ya maji: juu uwandani udongo ni mchanga na chemchemi ziko chini mabondeni, hata wanawake hushuka mteremko mkali na kuupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Taabu hiyo ilianza kupunguzwa katika miaka ya 1950, ulipojengwa mradi wa kupandisha maji kwa mitambo. Huko Mahuta aliwaona wachezaji wa ngongoti wakitembea juu ya miti yao mirefu.

Mizigo yake ya ajabu ilikuwa mashine mbili. Moja ilipiga picha za sinema. Ya pili ilikuwa fonografu, iliyotiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Mtu aliimba mbele ya pembe, sindano ikachora sauti yake juu ya mche wa nta. Joto lilikuwa adui mkubwa, kwani nta ikipata joto hulainika na sauti huharibika. Ndivyo nyimbo za Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wanyamwezi zilivyoingia sandukuni.

Mwishoni mwa mwaka 1906 Weule alirudi pwani. Safari hiyo ilimjenga. Mwaka 1907 alifanywa mkurugenzi wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1908 alitoa kitabu cha safari yake, ambacho hata jina lake lina neno la dharau kwa mtu mweusi. Mwaka 1920 akawa profesa kamili wa elimu ya mila na desturi za mataifa, wa kwanza katika Ujerumani nzima. Alifariki mwaka 1926. Walioimba mbele ya pembe ile hawakupata cheo chochote.

Tena sikiliza lililofuata. Mwezi Desemba 1943, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliangukia makumbusho ya Leipzig, na vitu vingi vilivyokuwa humo vikateketea. Vitu vilivyosemwa viko salama Ulaya viliungua huko huko Ulaya. Baadhi ya sauti na picha za safari ile zimesalimika na zimehifadhiwa Ujerumani.

Basi wewe uliyetoka Masasi au Newala, unayefanya kazi mjini na kuwalea watoto wako mbali na uwanda, usimngoje mgeni mwenye pembe. Simu iliyo mfukoni mwako inanasa sauti kuliko mizigo yote ya Weule. Ukienda likizo, mwombe bibi akuimbie, na akisema wimbo huu haurekodiwi, mheshimu. Ukirudi, wasikilizishe watoto jioni baada ya chakula, uwaambie jina la mwimbaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.