Makorokoro Nyumbani (2): Kwa Nini Hatutupi Kitu?

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia jinsi vitu vinavyoingia nyumbani: zawadi za harusi, mitumba ya bei chee, mabeseni yanayopitishwa mlangoni na wachuuzi. Leo tunageukia upande mgumu zaidi: kwa nini vikishaingia havitoki.

Ni rahisi kulaumu uvivu. Lakini nyumba nyingi zilizojaa makorokoro zinafagiwa na kudekiwa kila asubuhi. Runinga iliyokufa imewekwa chini ya ile inayoonyesha. Juu ya kabati la nguo pana feni isiyozunguka. Stoo ina madumu, makopo ya rangi, mabati yaliyobaki wakati wa kuezeka, na viatu vya mtoto ambaye sasa yuko kidato cha nne. Muulize mwenye nyumba, atakwambia kila kimoja kitafaa siku moja.

Jibu hilo lina historia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilibanwa na ukosefu wa fedha za kigeni. Viwanda vilikosa malighafi na vipuri, na sabuni, sukari, khanga na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya foleni. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliendesha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Miaka hiyo kopo tupu lilikuwa mali. Fundi aliligeuza koroboi. Tairi lililokwisha likawa katambuga. Gunia likawa zulia la mlangoni. Aliyetupa kitu kizima alishangaza majirani.

Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango. Wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata mitumba ikajaa masokoni. Uhaba ule ulipita, ila mazoea yake yalibaki, na wazee wakaturithisha pamoja na nyumba.

Mazoea hayo si ujinga hata kidogo. Zamani kitu kilitunzwa kwa sababu kazi yake ilijulikana, na mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa ya wiki ileile. Siku hizi tunatunza kwanza, kazi tunaitafuta baadaye, na wakati tukiitafuta tunanunua kingine. Kutunza kwa matumizi kumegeuka kutunza kwa hofu. Anayetaka kuishi kwa wepesi hana haja ya kuiga nyumba tupu za kwenye picha. Anachohitaji ni kurudisha lile swali la kale: kazi yake nini, na lini?

Gharama isiyoonekana

Kitu kisichotumika hakikai bure. Kinachukua nafasi iliyolipiwa kodi, kinakusanya vumbi linalomsumbua mwenye pumu, kinawapa mende na panya maficho. Na kazi ya kukisogeza, kukipangusa na kukirudisha humwangukia mama au dada wa kazi, hata kama aliyekileta ni baba.

Uani hatari ni kubwa zaidi. Homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huenezwa na mbu aina ya Aedes. Huyu hahitaji dimbwi. Maji kidogo ndani ya kopo, kifuu, tairi au beseni lililopasuka yanamtosha. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Mvua ikinyesha yanaanguliwa, na katika siku 7 hadi 10 hivi mbu wapya wanaruka. Tena huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Rundo la "vitakavyofaa" nyuma ya nyumba linaweza kuilaza familia nzima.

Mafunzo mawili ya kwetu

Nidhamu ya vitu haikuja na vitabu vya ugenini. Tazama nyumba za mawe za waungwana wa Lamu, mji ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Vitu vya thamani, kama sahani za kaure kutoka China, viliwekwa kwenye zidaka zilizojengwa ndani ya ukuta, na nguo zikakaa ndani ya kasha. Wenye nyumba hizo walikuwa matajiri, lakini zidaka hazitanuki. Sisi hufanya kinyume: vitu vikizidi, tunamwita fundi seremala aongeze kabati, na kabati nalo linajaa.

Funzo la pili liko kwenye misiba yetu. Katika jamii nyingi za hapa, arobaini ikifika ndugu hukaa chini na kugawana nguo za marehemu. Shati linapata mwenyewe, khanga zinakwenda kwa mashangazi na wapwa, na hakuna anayeona kwamba marehemu amedharauliwa. Kumbe kuachia tunajua, na kwa heshima kabisa. Kasoro ni kwamba tunasubiri mtu afe kwanza. Bibi mwenye doti za khanga zisizofunguliwa sandukuni angezigawa leo, angewaona wajukuu wakizivaa na kuzisikia shukrani kwa masikio yake.

Pa kuanzia

Anza na vibovu. Kila kitu kibovu kipewe tarehe ya kwenda kwa fundi. Tarehe ikipita kikiwa bado ndani, kiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Jihadhari na mchuuzi anayebadilisha nguo kuukuu kwa vyombo vya plastiki: utatoa mfuko wa nguo uingize beseni la tano.

Pili, panga mahali kabla ya kupanga vitu. Amua kwamba madaftari ya zamani ya watoto yana sanduku moja tu. Likijaa, ya zamani yatoke ndipo mapya yaingie. Vyeti vya kuzaliwa, vya shule na hati ya kiwanja vikae kwenye faili moja ambalo watu wazima wote wa nyumba wanajua lilipo.

Tatu, rudisheni desturi ya kuazimana. Mbuzi ya kukunia nazi na kinu vilizunguka mtaa mzima bila mtu kuona haya. Sufuria za shughuli, viti na maturubai hukodishwa karibu kila mji. Hakuna sababu ya kulala na sahani sitini kwa ajili ya sherehe ya mara moja kwa mwaka.

Nne, msimtupie mtu kitu chake kwa siri. Mume anayekuta redio yake ya zamani imetoweka atarudi na nyingine mbili, na mtoto aliyenyang'anywa mwanasesere hujifunza kuficha. Kaeni pamoja, kila mmoja aanze na vyake.

Na vipo vya kubaki bila kuulizwa. Mabati na misumari ya nyumba inayojengwa kidogo kidogo vina kazi na vina tarehe. Madumu ya maji mahali ambapo bomba hutoa maji mara mbili kwa wiki ni ya lazima, mradi yafunikwe. Kuishi kwa wepesi si kujifanya hatuna shida.

Wiki ijayo tutaingia jikoni na kwenye kabati la vyombo vya wageni, ambako ugomvi huwa mkubwa zaidi. Kabla ya hapo, zungukeni uani pamoja na watoto, mmwage maji yote yaliyotuama, na kwa kila chombo mtakachokiinua mwulizane kazi yake. Visivyopata jibu visirudishwe pale vilipokuwa.