Bei Moja Hadi Mfangano: Stempu za Kawaida na Biashara ya Kisumu

Tarehe 1 Mei 1935, posta za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kuuza stempu mpya zenye sura ya Mfalme George V. Ile ya senti 5 ilichorwa jahazi likikata maji ya Ziwa Victoria, tanga limejaa upepo. Wakusanyaji wa stempu wangali wanaichunguza kwa kioo cha kukuzia. Kwenye baadhi ya nakala kamba ya upande wa kushoto haifiki kwenye tanga, na kwenye nyingine inaligusa. Mwanya huo usiozidi unywele unatosha kubadilisha bei ya stempu mnadani.

Mwenye duka wa Kisumu hakuwa na haja ya kioo. Kwake jahazi lile lilikuwa sehemu ya gharama za biashara, kama kamba ya kufungia mzigo au mafuta ya taa ya dukani. Alilibandika kwenye bahasha, barua ikapelekwa stesheni au bandarini, naye akarudi kwa wateja wake.

Hiyo ndiyo kazi ya stempu za kawaida. Stempu za ukumbusho hutolewa kwa ajili ya tukio fulani, huuzwa kwa muda mfupi, kisha huondolewa. Za kawaida huchapishwa tena na tena kwa miaka, kuanzia thamani ya senti chache hadi shilingi nyingi, ili karani aweze kukamilisha ada ya uzito wowote. Kwa kuwa ndizo zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara kila siku, ukizipanga kwa miaka zinaeleza uchumi wa mwambao wa ziwa kwa namna ambayo vitabu vingi vya historia havifanyi: sarafu gani ilitumika, bidhaa zipi serikali ilizithamini, na nani aliyebeba gharama ya kuwafikia watu wa mbali.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, katika Kisumu ya leo, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati huo Kisumu haikuwa Kenya. Ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na ilihamishiwa rasmi upande wa Afrika Mashariki ya Waingereza tarehe 1 Aprili 1902. Miaka saba tu kabla ya hapo, mwaka 1895, mmisionari Ernest Millar alikuwa akizipiga stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta huko Mengo. Thamani yake ilihesabiwa kwa kauri, na kauri 200 zilikuwa sawa na rupia moja.

Kuanzia mwaka 1903 pande mbili za mpaka zilitumia stempu za aina moja zenye majina ya maeneo yote mawili, zikiwa na bei za anna na rupia. Mwaka 1907 anna ziliondolewa, zikaja senti za rupia. Mwaka 1920 rupia nayo ikabadilishwa kuwa florini, na muda si mrefu florini ikaipisha shilingi. Senti moja ya florini ilikuwa na thamani ya senti mbili za shilingi. Stempu mpya za Kenya na Uganda za mwaka 1922 zikatoka kwa senti na shilingi, na mfumo huo ndio uliobaki. Mwenye duka aliyefungua biashara Kisumu mwanzoni mwa karne alilazimika kujifunza upya bei ya barua mara kadhaa kabla mtoto wake hajamaliza shule.

Toleo hilo la 1922 lilipanda hadi stempu ya pauni 100. Hakuna barua iliyohitaji kiasi hicho. Stempu za thamani kubwa namna hiyo zilibandikwa hasa kwenye hati, serikali ikizitumia kukusanya ushuru wake.

Biashara ya ziwa ilihitaji barua kuliko biashara ya miji mingi ya bara. Allidina Visram, aliyekuwa na maduka kandokando ya reli na kuvuka ziwa hadi Uganda, asingeweza kuagiza vitambaa, kununua pamba na kudai madeni katika vituo vilivyotawanyika hivyo bila barua inayofika. Meli za mvuke Winifred na Sybil, zilizoletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa Kisumu, zilizunguka bandari za ziwa na mizigo, abiria na mifuko ya posta. Kuanzia mwaka 1931 ndege za Imperial Airways nazo zilipita Kisumu katika safari ya kati ya Uingereza na Afrika, na katika miaka hiyo ndege zinazotua majini ziliufanya mji huu kituo kikubwa cha barua za anga. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, iliziunganisha na Nairobi.

Posta za nchi tatu ziliunganishwa mwaka 1933, na toleo la 1935 lilikuwa tunda la muungano huo. Mbali na jahazi la Ziwa Victoria, lilikuwa na korongo wenye taji, simba, Kilimanjaro, Mlima Kenya, Ziwa Naivasha na daraja la reli la Jinja. Nyingi ya picha hizo zilidumu hata baada ya sura ya mfalme kubadilishwa kwenye stempu mwaka 1938, na zikaendelea kuchapishwa hadi mwanzo wa miaka ya 1950.

Vita vya Pili vya Dunia vilionyesha jinsi biashara ilivyotegemea vipande hivi vya karatasi. Stempu zilichapishwa Uingereza, na meli za kuzileta zilikuwa hatarini baharini. Mwaka 1941 na 1942 upungufu ulizibwa kwa stempu za Afrika Kusini zilizopigwa juu yake majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda pamoja na bei mpya: senti 5, 10, 20 na 70. Serikali ilikubali kuuza stempu ya nchi nyingine kuliko kuacha barua zikwame.

Baada ya vita, barua zilibeba pia mtaji wa Waafrika. Luo Thrift and Trading Corporation, iliyoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga tangu miaka ya 1940, ilitafuta wanahisa miongoni mwa Waluo waliokuwa wakifanya kazi mbali na nyumbani. Kampuni ya watu waliotawanyika namna hiyo iliishi kwa safari za viongozi wake na kwa barua.

Uhuru ulileta toleo la kwanza la Kenya peke yake, tarehe 12 Desemba 1963. Lilikuwa na stempu 14, kuanzia senti 5 hadi shilingi 20, na ukilisoma kwa jicho la biashara ni kama mpango wa uchumi: ng'ombe, uchongaji, viwanda vizito, mbao, pareto, utalii, kahawa, chai, bandari ya Mombasa. Uvuvi ulipewa senti 40. Miwa haimo, ingawa Miwani palikuwa na kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1920. Pamba haimo pia, ilhali ilikuwa kwenye stempu ya senti 10 ya toleo la pamoja la 1960. Mtu wa Nyanza aliyeipanga seti ile mezani aliona wazi kwamba mazao ya nyanda za juu ndiyo yaliyobeba sura ya taifa, na mashamba ya ukanda wa ziwa, kama ya Muhoroni na Kibos, yalibaki nje.

Matoleo yaliyofuata yaliiacha biashara na kugeukia maumbile: wanyama mwaka 1966, kombe za baharini mwaka 1971, madini mwaka 1977, maua mwaka 1983, vipepeo mwaka 1988, ndege mwaka 1993. Toleo la madini lilitoka mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika la pamoja la posta na simu kugawanywa. Thamani ya juu kabisa, iliyokuwa shilingi 20 mwaka 1963, sasa ilifika shilingi 40.

Pigo lililofuata halikutoka kwenye siasa. Tarehe 1 Julai 1999 Shirika la Posta la Kenya lilianza kazi likiwa limetenganishwa na simu, sekta iliyokuwa karibu kuingiza pesa nyingi. Simu za mkononi zikaenea, na mwaka 2007 M-Pesa ikachukua kazi ya hawala ya posta ambayo familia nyingi za Nyanza ziliitegemea kupata fedha kutoka Nairobi na Mombasa. Barua za kibinafsi zilipungua, na pamoja nazo sababu ya mtu wa kawaida kununua stempu.

Kilichobaki ni mtandao wa posta. Kisumu 40100, Maseno 40105, Mbita 40305, Homa Bay 40300, Bondo 40601: misimbo hii ni ramani ya biashara iliyojengwa kwa zaidi ya karne moja. Juu ya ramani hiyo inatawala kanuni iliyoanza Uingereza mwaka 1840, kwamba anayetuma hulipa mapema, na analipa kwa uzito bila kujali umbali ndani ya nchi. Barua ya Kisumu kwenda Maseno na ile ya Kisumu kwenda Mombasa zinalipiwa stempu ileile. Safari fupi zinachangia gharama za safari ndefu, na mji unachangia visiwa.

Mabasi na kampuni za vifurushi hazina wajibu huo. Zinakimbilia njia zenye mizigo mingi, hasa Kisumu hadi Nairobi, na zinafanya kazi hiyo kwa kasi ambayo wafanyabiashara wa soko la Kibuye wanaitegemea. Lakini mshonaji wa kisiwa cha Mfangano anayemtumia mteja wa Kisii nguo moja hulipa mashua, kisha matatu, na bei yake inapangwa na umbali na idadi ya mikono inayopitia. Mshonaji wa mjini anayeshindana naye kwenye simu hiyohiyo ya mteja halipi hayo.

Hapo ndipo Posta ina nafasi ya biashara, na serikali ina wajibu. Bei moja ya kifurushi kidogo kwa kaunti zote za ziwa, inayolipiwa mapema na kujulikana kabla mteja hajaagiza, ingempa mfanyabiashara wa kisiwani uwezo wa kutangaza bei kamili ya bidhaa yake kama anavyofanya wa mjini. Pengo la nauli ya mashua lingehitaji kulipwa waziwazi kutoka bajeti ya taifa au za kaunti, si kufichwa ndani ya hasara za shirika ambalo tayari limebanwa. Na toleo lijalo la stempu za kawaida litakapopangwa, miwa ya Muhoroni, pamba na samaki wa Homa Bay wana hoja ya kiuchumi ya kuwemo, kwa sababu ni bidhaa zinazolipa ada za shule na kodi za maelfu ya watu wa mwambao huu.