Tukuyu, Lwangwa au Uyole: Kodi ya Jengo Isikuchagulie pa Kuishi

Anayetafuta pa kujenga ukanda huu wa Rungwe huwa na majina manne kichwani: Tukuyu mjini, Lwangwa upande wa Busokelo, Kyela kule bondeni, au Uyole ndani ya Jiji la Mbeya. Akikaa na wenzake kupiga hesabu, swali la kodi ya majengo hujitokeza mapema: ni wapi kuna nafuu?

Kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, hakuna. Tangu Julai 2023 kiwango ni shilingi 18,000 kwa mwaka, halmashauri ya wilaya na jiji sawasawa. Hukatwa kidogo kidogo kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kila mwezi. Halmashauri ya Rungwe na ya Busokelo zimo katika wilaya moja, Kyela ni wilaya nyingine na Mbeya ni jiji, ila kwa nyumba ya aina hii sheria haitazami tofauti hizo. Wala haitazami ukubwa: vyumba viwili vya bati kuukuu na vyumba sita vyenye vigae vinalipa sawa. Mimi naona hapo mwenye kidogo anaonewa, lakini ndivyo ilivyo.

Kenya mambo ni tofauti. Huko kila kaunti hupanga kodi yake kwa kuangalia thamani ya ardhi, kwa hiyo kuvuka mpaka wa kaunti kunaweza kubadilisha ankara. Kwetu Tanzania pia halmashauri zilikuwa zikikusanya zenyewe, mpaka Mamlaka ya Mapato ilipokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2016. Agosti 2021 makato yakahamia kwenye LUKU, yakianzia shilingi 1,000 kwa mwezi.

Ghorofa ndiyo inayoleta tofauti. Katika majiji, manispaa na halmashauri za miji, kila sakafu hutozwa shilingi 90,000 kwa mwaka, kwa hiyo jengo la sakafu tatu Uyole ni shilingi 270,000. Katika halmashauri za wilaya, na Tukuyu ni mji mdogo ndani ya halmashauri ya wilaya, jengo la ghorofa huhesabiwa kama jengo moja. Kwa anayefikiria nyumba ya wageni au fremu za maduka zenye vyumba juu, hilo ni jambo la kuweka kwenye mizani. Anayejenga nyumba ya familia alipite tu.

Mpangaji naye asilipite suala la mita. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini LUKU humkata yeyote anayenunua umeme. Ukipanga nyumba nzima Bulyaga au Makandana, pale Tukuyu, yenye mita yake, wewe ndiye utakayetoa ile 1,500 kila mwezi, kwa hiyo mkubaliane kabla ya kuhamia kwamba itapunguzwa kwenye pango. Uliza pia nyumba imekaa tupu kwa muda gani. Miezi isiyonunuliwa umeme haifutiki. Deni hujilimbikiza na kumwangukia mnunuzi wa kwanza wa umeme. Aliyeingia nyumba iliyofungwa mwaka mzima anaweza kuweka pesa ya umeme akashangaa uniti zimeenda wapi.

Gharama inayotofautiana kweli kati ya eneo na eneo ni pango la ardhi, na watu wengi huichanganya na kodi ya jengo. Kiwanja kilichopimwa chenye hati hulipiwa pango kila mwaka kwa Wizara ya Ardhi, kwa mita za mraba, kwa matumizi na kwa mahali kilipo. Kiwanja cha biashara jijini hakiwezi kulingana na cha makazi Tukuyu. Kabla ya kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe stakabadhi za pango za miaka iliyopita, kwa sababu kulimbikiza pango kunaweza kumfikisha mtu kubatilishiwa hati.

Ukitoka nje ya mji, ukaingia kwenye migomba na mashamba ya chai, sehemu kubwa ni ardhi ya vijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Mwenye hakimiliki ya kimila kwa kawaida haletewi ankara ya pango kutoka wizarani. Unafuu huo una masharti: mgeni hapati ardhi ya kijiji kwa kukubaliana na mwenye shamba peke yake, hata mkiandikishana mbele ya mashahidi kumi. Lazima ipite halmashauri ya kijiji. Na vijiji vilivyo kando ya barabara kuu, kama kule Kiwira, vinageuka miji. Eneo likitangazwa la mipango miji na viwanja vikapimwa, pango huanza. Ningenunua huko, ningepanga bajeti yangu kana kwamba pango limeshafika.

Baada ya hapo, weka 18,000 pembeni uangalie mambo makubwa. Mtu anayefanya kazi Mbeya na kulala Tukuyu atamaliza kiasi hicho kwa nauli za siku chache. Tukuyu ina mvua nyingi na viwanja vyake vingi vina mteremko, kwa hiyo msingi, ukuta wa kuzuia udongo na mifereji vitakula fedha ambazo kiwanja cha tambarare Kyela kisingezidai. Kyela nayo ina joto na hatari ya mafuriko. Lwangwa ina ardhi nzuri lakini haiko kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Kasumulu, na kila mfuko wa saruji utalipiwa umbali huo. Kwa familia yenye kipato cha mjini na watoto wa shule, mimi ningechagua Tukuyu yenyewe, kiwanja kilichopimwa, hata kama kina pango.

Kwa wastaafu wanaorudi nyumbani kujenga, sheria inamsamehe kodi ya jengo mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, na vivyo hivyo kwa mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Msamaha huo huombwa. Asipouomba, LUKU itaendelea kumkata kama wengine.