Hati Ndani ya Kompyuta

Kompyuta hushughulikia tarakimu tu. Kwa hiyo hati haina budi kugeuzwa tarakimu kabla ya kuhifadhiwa humo. Nchini Marekani, mwaka 1957, Russell Kirsch na wenzake walitengeneza chombo cha kazi hiyo. Picha ya mtoto wa Kirsch, yenye sentimita 5 kila upande, ilizungushwa juu ya pipa, na kifaa chenye kuhisi mwanga kikaigawa katika nukta 176 kwa 176, yaani 30,976. Kila nukta iliandikwa kwa 0 au 1, kufuatana na weusi au weupe wake.

Lakini kuhifadhi bila njia ya kutafuta ni sawa na kupoteza. Utepe wa sumaku husomwa kwa mfululizo mpaka mahali panapotakiwa. Mashine ya RAMAC ya kampuni ya IBM, iliyotolewa mwaka 1956, ilitumia sahani 50 za sumaku zenye nafasi ya herufi milioni 5. Mkono wake wa kusomea ulikwenda moja kwa moja kwenye anwani iliyotajwa.

Hata anwani haifai kitu pasipo mashine ya kusoma. Mwaka 1986 Waingereza walihifadhi habari za nchi yao katika sahani za kusomwa kwa leza, kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu cha kuorodhesha ardhi na mali. Haikupita miaka 20 mashine za kuzisoma zikawa adimu, ilhali kitabu chenyewe, kilichoandikwa juu ya ngozi, chasomeka hadi leo. Basi atunzaye hati katika kompyuta sharti azihamishie kwenye vyombo vipya kabla vya zamani havijatoweka.