Kamera ya 1972 Inakula Betri Gani?

Muuzaji wa kamera kuukuu akikuapia kwamba kipimamwanga "kinafanya kazi", muulize: kwa betri gani? Jibu lake linaweza kukugharimu zaidi ya punguzo utakalompembeleza akupe.

Chukua Canonet QL17 G-III, iliyotoka Japani mwaka 1972. Ni renjifainda: ukichungulia dirishani unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka ziingiane. Kipimamwanga chake kilipangwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo volti zake hazikuyumba mpaka karibu na siku ya kufa. Marekani ilizipiga marufuku betri hizo mwaka 1996, kisha Mkataba wa Minamata wa 2013 ukafunga mlango kwa nchi nyingine. Kamera imebaki, chakula chake hakipo.

Rahisi kuipata ni alkali ya umbo lilelile. Inakaa sawasawa, sindano inacheza, nawe unaridhika. Lakini ina volti 1.5, na sindano ikizidishiwa volti hudhani jua ni kali kuliko lilivyo. Kamera hubana tundu la lenzi na picha hutoka na giza. Wapo wanaoihadaa kwa kuweka ISO 200 wakati filamu ni ya 400. Mimi siipendi hila hiyo, kwa sababu alkali hushuka kadiri inavyotumika, na hesabu ya wiki ya kwanza haifai mwezi wa tatu. Negativu ya rangi huvumilia kosa dogo. Slaidi haisamehe, na roli moja ya slaidi siku hizi ni ghali kuliko betri yoyote kati ya hizi.

Betri ya zinki-hewa namba 675, ile ya vifaa vya kusaidia kusikia, inakaribia sana volti za zebaki na haiziyumbishi. Huuzwa kwa kadi, mara nyingi sita pamoja. Ni nyembamba kuliko chumba cha betri, ila ringi ya mpira ya fundi bomba inaishikilia vizuri. Zipo zilizotengenezwa kwa umbo kamili la kamera. Moja huweza kufikia bei ya kadi nzima ya zile za kawaida, na ndani ni zinki-hewa ileile. Hiyo ni kununua ringi kwa bei ya dhahabu. Kasoro ya zinki-hewa ni moja: ukishabandua karatasi yake, hewa imeingia na siku zinahesabika, upige picha usipige. Baada ya wiki kadhaa imekwisha.

Kwa hiyo anayetoa kamera kabatini kwa harusi na sikukuu anunue kadi, abandue moja siku ya shughuli. Anayetembea nayo kila siku atafute adapta ya MR-9, kikopo cha chuma kinachobeba betri ndogo ya oksidi ya fedha na kuipunguza volti. Bei yake ni ya kadi kadhaa, lakini unainunua mara moja. Akumbuke tu kuitoa ringi ya lenzi kwenye "A", yaani otomatiki, akimaliza, maana hapo ndipo kipimamwanga kinapozimika.

Yashica Electro 35 ndiyo nafuu zaidi kulisha: iliundwa kwa volti 5.6, nayo hupokea betri ya volti 6 ya leo, ikisaidiwa na springi, bila kulalamika. Ila betri ikifa, shata inabaki na kasi moja tu, 1/500. Canonet bila betri bado ina kasi zake zote.

Halafu kuna Kiev 4 ya Kisovieti, yenye seleniamu isiyohitaji betri kabisa. Usilipie hata senti ya ziada kwa ajili ya seleniamu hiyo. Huchakaa kwa umri na haina kipuri cha duka la jirani. Kiev 4A ni kamera ileile bila kipimamwanga, tena ina umbo jepesi zaidi machoni.

Anayependa kupanga kila kitu kwa mkono asitoe pesa yoyote: Canonet ikitoka kwenye "A" haipimi chochote, na programu ya bure ya simu inapima.

Vinginevyo nenda dukani na 675 yako mfukoni. Iweke, acha ringi kwenye "A", panga ISO 400 na 1/500, elekeza barabarani jua la mchana likiwa nyuma yako. Sindano isimame pembeni kidogo ya 16 kwenye namba za tundu. Ikienda kwingine, anza kuzungumza bei ya kamera isiyo na kipimamwanga.