Kusoma Historia kwa Mtandao: Wanafunzi wa Tanga Wanahitaji Nini Kwetu?



Baadhi ya kamati za parokia huuliza kama inafaa kumsaidia mtu anayesoma kwa mtandao, tena somo la historia, ambalo wengi hudhani halina faida. Makala haya yanaeleza masomo hayo yanavyoendeshwa, wanafunzi wa Tanga, Muheza na Pangani wanakutana na nini, na sisi tunaweza kufanya nini.

Masomo yanavyoendeshwa

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kina kituo mkoani Tanga. Mwanafunzi haendi darasani kila siku. Zamani alitegemea zaidi vitabu vilivyochapishwa. Siku hizi husoma na kutuma kazi zake kupitia tovuti, kisha hufika kituoni kwa mitihani. Kwa njia hii mwalimu wa shule ya msingi au mama mwenye duka anaweza kusoma bila kuacha kazi yake.

Historia iliyo mlangoni

Kwa mtu wa Tanga, historia ya kisasa ya Afrika Mashariki si habari ya mbali. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000, ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Baadaye mashamba yalihitaji watu wengi, wakaja manamba, vibarua wa mkataba walioitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Wengine walitoka Kigoma, wengine Msumbiji na Burundi. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000.

Haya yote mwanafunzi huyapata kwenye masomo yake. Asichokipata ni jina la kambi alimoishi babu yake, posho aliyopewa, na sababu iliyomfanya asirudi kwao. Majibu hayo yamo vichwani mwa wazee wetu, na mengine yamo kwenye daftari za ubatizo na ndoa zilizomo kabatini mwa parokia, zenye majina ya wazazi na mahali walikotoka.

Changamoto

Ya kwanza ni gharama. Anayesoma kwa simu hununua vifurushi kidogo kidogo, na kusoma kurasa nyingi kwenye kioo kidogo huchosha macho. Ya pili ni umeme na mtandao, ambavyo huweza kukatika siku ileile ya mwisho ya kutuma kazi. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni upweke. Darasani ukikwama unamgeukia jirani. Nyumbani usiku hakuna wa kumwuliza. Wengi hawatangazi kwamba wameacha masomo, bali huacha kimyakimya.

Parokia ifanye nini?

1. Itenge chumba chenye umeme na intaneti, japo jioni mbili kwa wiki, wanafunzi wasome pamoja.
2. Kwa ruhusa ya paroko, na kwa kulinda siri za familia, iwaonyeshe wanafunzi daftari za zamani, na izihifadhi mbali na mchwa na unyevu.
3. Iwakutanishe wanafunzi na wazee waliofanya kazi mashambani, masimulizi yao yarekodiwe.

Hili la tatu halisubiri bajeti ya mwakani. Aliyeanza kukata mkonge akiwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka miaka 80. Kila mazishi yanaondoka na sehemu ya historia ambayo hakuna tovuti itakayoirudisha.