KUTUNZA GURUDUMU LA MAJI NA NYUNDO YA MHUNZI

Mkulima, jembe lako na mundu wako ni kazi ya mhunzi. Huko Uingereza, katika kijiji cha Sticklepath, jimbo la Devon, jamaa ya Finch walianzisha kiwanda kilichofua zana za wakulima kwa nguvu za maji tangu mwaka 1814 hata 1960. Magurudumu matatu yalifanya kazi: moja liliinua nyundo kubwa, la pili lilipuliza hewa motoni badala ya mivukuto, la tatu lilizungusha mawe ya kunolea. Kiwanda hicho kimehifadhiwa hata leo. Utunzaji wake wamfaa pia kila mwenye kinu cha maji cha kusagia mahindi.

1. Mfereji. Zoa tope na majani mara kwa mara. Mbele ya mlango wa maji simamisha uzio wa fito ili kuzuia magogo. Gogo moja laweza kuvunja mbao za gurudumu.

2. Gurudumu. Gurudumu la mti likisimama siku nyingi, upande wa chini hulowa na upande wa juu hukauka. Basi huwa zito upande mmoja, huenda kwa kushtuka-shtuka, na mhimili huumia. Hata kama huna kazi, lizungushe kidogo kila siku.

3. Mhimili. Paka mafuta mahali unapolalia kabla ya kuanza kazi. Ukisikia mlio au ukiona moshi, funga maji mara moja.

4. Nyundo. Meno ya mhimili hukandamiza mkia wa nyundo, kichwa kikainuka, kisha kikaanguka. Kila asubuhi tazama kabari na mpini. Kabari ikilegea, kichwa chaweza kuchomoka na kuua mtu. Wala usiiache nyundo ipige fuawe tupu, kwa maana vyote viwili vitapasuka.

5. Hatari. Usitie mkono penye meno wala kamba wakati wo wote gurudumu linapozunguka. Kufunga maji peke yake hakutoshi: ngoja gurudumu lisimame kabisa, kisha lizuie kwa gogo imara. Nguo ndefu zifungwe kiunoni, na watoto wakae mbali.

Kazi hizi ni za muda mfupi. Mhimili ukivunjika wakati wa kulima, majembe hayatafuliwa, na mvua haimngojei mtu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.